Mafundo Kwenye Nyaya za Baba

Jumatatu, 9 Juni
Pampu ya maji ya Hiace tena. Imenguruma yenyewe saa nne asubuhi, bomba la sinki limefungwa kabisa. Ikiwaka, taa zinafifia na friji linazimika. Nimepima betri. Nzima.

Ijumaa Mama anateremka Msangano kununua mpunga. Wiki mbili analala kwenye Hiace hii, anapika humo, anaoga humo. Bila maji na umeme haendi. Gari alilitengeneza Baba mwaka jana: kitanda, tanki, nyaya zote. Mimi nilifunga mipira ya maji tu.

Jumanne, 10 Juni
Nimeunguza fyuzi mbili. Nyuma ya sinki waya mweusi ndio wa moto, mwekundu ndio arthi, wa kurudisha umeme: kinyume kabisa. Mbele ziko sawa. Kwenye friji zimegeuka tena. Mungu wangu! Miaka thelathini anafunga umeme wa malori hapa mpakani, halafu ananifanyia hivi?

Nimemwambia mbele ya madereva wawili: Mzee, umechanganya, nang'oa zote. Aliweka testa yake kwenye droo, akaingia ndani. Madereva walicheka. Na mimi nilicheka.

Mama kanifuata jikoni. Ukizing'oa, kasema, baba yako hashiki testa tena maishani. Najua. Lakini Ijumaa haisubiri.

Jumatano, 11 Juni
Nimeanza na waya wa friji, plaizi mkononi. Kidole kikagusa kitu. Uzi wa gunia, umefungwa fundo moja. Ncha ya pili, fundo moja pia. Waya wa pembeni yake, mafundo mawili.

Nimefumba macho nikapita gari zima kwa vidole tu. Chini ya kitanda, nyuma ya tanki, mpaka kwenye betri. Fundo moja ni moto. Mawili ni arthi. Hakuna waya hata mmoja uliokosewa. Hata mmoja! Nikakaa chini.

Baba haoni rangi nyekundu. Kwake nyekundu na nyeusi ni mamoja.

Nikakumbuka Mbozi, kwao Baba. Kila msimu wa kahawa baba zangu wadogo humtania asiguse ndoo, maana utotoni alichuma mbichi za kijani na mbivu nyekundu pamoja mpaka babu akamcharaza na kumfukuza shambani. Mvivu, walisema. Ndipo akaja Tunduma. Nikajikumbuka na mimi, darasa la pili, ananiita: nishikie waya mwekundu. Nilidhani ananifundisha rangi. Kumbe nilikuwa macho yake. Nilipoenda shule ya bweni akabaki na uzi.

Malori yote yale, na hakuna aliyejua! Halafu nikaona aibu.

Alhamisi, 12 Juni
Nimefuata mafundo mawili mpaka yanapoishia: boliti ya arthi chini ya sinki. Imeliwa na kutu, inamomonyoka kama biskuti iliyolowa. Juu yake mpira wa maji unadondosha. Klipu ya kuubana imelegea.

Klipu niliifunga mimi. Ndiyo maana pampu inajiwasha, inafidia maji yanayovuja. Ndiyo maana umeme hauna pa kurudi. Kosa langu moja limeharibu vyote viwili. Yeye hana hata moja.

Klipu mpya, boliti mpya. Nimekwangua bodi ya gari mpaka chuma kikang'aa. Nimefunga na waya mpya wa arthi. Kabla ya kuukaza nilichomoa uzi kwenye gunia la mahindi, nikapiga mafundo mawili.

Foleni ya mpakani haijasogea, madereva ni wale wale. Nimewaambia kosa lilikuwa langu, Mzee alifunga sawasawa. Wamecheka tena. Wacheke.

Ijumaa, 13 Juni
Mama kaondoka saa moja. Pampu kimya, taa kali.

Kabla hajaondoka nilimwomba Baba akague. Aliingiza mkono chini ya sinki bila kuinama kutazama. Vidole vikafika kwenye uzi wangu, vikatulia hapo. Hakuniangalia. Mafundo yako makubwa mno, alisema, ila yamekaza.

Saa tatu lori la kwanza limeingia. Baba katoa testa kwenye droo. Kaniita nimshikie mwekundu.