Meno Sita ya Chini

Jumanne. Jua limeichoma Kisian tangu asubuhi, na mimi nina hasira ambayo hata chai haijaishusha.

Bosco, mbwa wangu, leo ameng'olewa meno ya mbele ya chini. Yote sita.

Nimechoka kusema. Tangu daktari wa mifugo aone fizi zake zimevimba na zinatoa damu, nimekuwa nikimpiga mswaki kila jioni. Namkalisha kati ya magoti, namfunua mdomo, nausugua ule ukoga wa njano huku akininung'unikia. Majirani wakipita hucheka. Mmoja aliniuliza kama namsuka nywele pia. Sikujali. Niliogopa tu asije akashindwa kula.

Lakini nyumba hii ina Dani, nyanya yangu mzaa baba, aliyekuja kutoka Katito kukaa nasi. Dani naye hana meno ya mbele ya chini. Walimng'oa sita akiwa msichana, jinsi Wajaluo wa zamani walivyofanya. Ndiyo maana mandazi lazima ayachovye kwenye chai, na chai yake ni sukari tupu. Anachovya, anakula nusu, nusu anampa Bosco. Kila siku. Nikimkataza ananiambia kwamba yeye ameishi miaka yote hiyo bila hayo meno na hajafa njaa, sembuse mbwa.

Utamjibu nini mtu kama huyo? Mimi hujibu kwa kubamiza mlango, na haijasaidia chochote.

Leo daktari amesema meno yalikuwa yakilegalega na fizi zimeoza, kuyaacha ni kumtesa. Nimerudi nimembeba Bosco kwa shuka, mdomo umemvimba, bado ana usingizi wa dawa. Dani akamfunua mdomo kwa kidole, akaliangalia pengo kwa muda mrefu.

"Sasa huyu ni Mjaluo kamili," akasema.

Sikucheka. Nilikuwa na maneno tayari, yale makali ambayo mjukuu hapaswi kumwambia nyanya yake.

Kabla sijayatoa, akaniita mjukuu wake kwa Kijaluo, akauliza, "Nyakwara, walimlaza kwanza?"

Nikamwambia ndiyo, alidungwa sindano, hakusikia kitu.

"Hiyo ni vizuri," akasema. "Mimi walinishika tu."

Nikamlaza Bosco sakafuni, juu ya shuka lake.

Saa hizi amekaa sakafuni kando ya Bosco, anampoozea uji. Ameuonja mwenyewe kuhakikisha hauna sukari. Bado nimekasirika, nisijidanganye. Mbwa ana meno mengine mengi, na mandazi ya kesho asubuhi yako tayari kwenye bakuli, yamefunikwa kwa kitambaa. Namjua Dani.

Kidonda kikipona nitarudi kwenye mswaki. Nimemwomba Dani awe akinishikia kichwa cha Bosco, maana peke yangu nashindwa.

Amekubali. Ila amesema atamshika polepole.