Bango la Severin Anselmi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Bernadeta Wilfred
Umri: Miaka 49
Kabila: Mluguru
Dini: Mkristo
Kazi: Mkulima wa mboga na mfugaji
Makazi: Kitongoji cha Mzinde, kijiji cha Kilumbwe, tarafa ya Mgeta
Tarehe: 17/04/2024, saa 4:10 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimekuja kituoni kwa sababu jirani yangu Eufrazia, mke wa Severin Anselmi, yuko mahabusu tangu jana. Anadaiwa kuharibu mali ya kijiji na kumtishia mtendaji wetu, Frank, kwa jembe.

Naomba nianze nyuma kidogo. Mnamo mwezi Juni mwaka jana Severin alivunja banda langu akaiba mbuzi watatu wa maziwa. Wawili walikamatwa Dumila wakiwa garini, wa tatu alikuwa ameshachinjwa. Nilitoa ushahidi mahakamani, naye akafungwa miaka mitano. Nilirudi nyumbani nikijua shauri limekwisha.

Mwezi Januari mwaka huu Frank alisimamisha bango pale njia panda, malori ya Dar yanapopakia mboga. Lilikuwa na picha ya Severin, kubwa kama mlango, na chini yake maandishi: MWIZI WA MBUZI WA BERNADETA WILFRED. ANATOKA MZINDE. JIHADHARINI. Mimi sikuulizwa. Nilimfuata ofisini nikamwambia, "Mtendaji, jina langu litoe. Na huyo ameshafungwa, mnamtangaza kwa nani?"

Akanijibu, "Mama Yohana, lile ni fundisho kwa vijana. Wewe uliyeibiwa ulitakiwa ushukuru."

Severin bango hilo hajaliona, yuko gerezani. Waliokuwa wakilipita kila siku ni mke wake na mtoto wao Joyce, wa darasa la tatu. Eufrazia analima karoti na kabichi. Akishusha mzigo, wanunuzi walikuwa wakitaniana, "Na hizi ni za wizi?" halafu wananunua kwa mwingine. Mwanzoni alikuwa anacheka nao. Baadaye akawa anampa mama mwingine amuuzie, yeye anakaa pembeni kama mtu asiye na mzigo. Sala za jumuiya yetu ya kanisa aliacha kuja. Mimi nikikutana naye njiani tulikuwa tunasalimiana tu, sikujua niseme nini zaidi. Mtoto alikuwa akiniamkia vizuri, "Shikamoo bibi," lakini macho yake yako kwenye miguu yangu.

Shuleni watoto walikuwa wakimwona Joyce wanalia kama mbuzi. Akaacha kupita barabarani, akawa anashuka bondeni kwenye kinjia cha wakata majani. Ni pabaya pale, hata sisi wakubwa tunashikilia vichaka. Siku moja tukichota maji mama yake aliniambia, "Mama Yohana, mtoto hataki kupita kwa baba yake." Hivyo ndivyo alivyosema, kupita kwa baba yake.

Jana Jumanne, tarehe 16/04/2024, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Majira ya saa 1 asubuhi nilikuwa nakata majani nikasikia mtoto analia chini bondeni. Nilimkuta Joyce ameteleza, mguu wa kulia umevunjika chini ya goti, mfupa unaonekana. Sare yote ilikuwa tope. Nilimfunga mguu kwa kitambaa cha kichwa changu, nikamweka mgongoni, nikapanda naye kwenda njia panda kutafuta gari. Tulipokaribia alisema, "Bibi, usinipitishe pale."

Nikamwambia, "Mjukuu wangu, gari liko pale pale." Nikamfunika uso kwa kanga, tukapita.

Lori la kabichi lilikubali kumbeba. Babu yake, mzee Anselmi, alipanda naye kwenda hospitali Morogoro. Lilipoondoka ndipo Eufrazia akafika mbio kutoka shambani, na jembe lake mkononi, kwa sababu aliitwa akiwa analima. Nilimweleza. Aliniuliza, "Alikuwa anapita wapi?" Nikasema bondeni. Alikwenda kwenye bango akaanza kuchimba shina la nguzo moja kati ya zile mbili.

Frank alitoka ofisini akasema, "Eufrazia, acha, hiyo ni mali ya kijiji." Akamshika mkono. Eufrazia akajivuta, akasema, "Mtendaji, niache nimalize, gari lingine likija nimfuate mtoto wangu." Jembe lilikuwa limeelekea chini muda wote. Mimi nilikuwa karibu nao kabisa. Hakumwinulia jembe, wala hakumtukana. Wanunuzi walikuwepo, madereva walikuwepo, wote waliona. Nguzo ilianguka, bango likabaki linaning'inia upande mmoja.

Askari ameniuliza kuhusu nguzo ya pili, kwa kuwa Frank amesema Eufrazia aling'oa zote mbili. Hapo si kweli. Eufrazia alikuwa ameishiwa nguvu, amekaa kwenye matope. Nilichukua jembe mkononi mwake. Nguzo ya pili niliing'oa mimi. Naomba aachiwe aende Morogoro, mtoto anafanyiwa upasuaji leo na mama yake hayupo.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nimesomewa, nimeyasikia, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: B. Wilfred

Maelezo ya askari: Nimeandika mimi, Koplo Hamza, kama shahidi alivyoeleza kwa kinywa chake. Nimemfahamisha kwamba kwa maneno yake kuhusu nguzo ya pili naye anaweza kushtakiwa, nikampa nafasi ya kuyaondoa. Amekataa. Saa 5:20 asubuhi bado yuko kwenye benchi nje ya mahabusu. Anasema ataondoka hapa akiwa na Eufrazia.