Vifaranga wa Kanga Juu ya Paa

Mjukuu wangu Zuhura, marahaba. Hapa Mingoyo hatujambo, mikorosho imechanua.

Umeniuliza kama watoto wa wale mijusi warukao wa kale, ambao unasoma mifupa yao, waliruka kabla hawajakua. Mijusi siwajui. Kanga nawajua.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, kuku wangu aliatamia mayai ya kanga. Hata mwezi haukuisha tangu waanguliwe, vifaranga wakarukia paani, kuku akibaki chini anawaita. Siku hiyohiyo alitafutwa mtu wa kufundisha wazee kusoma. Nilijitolea. Baba akakataa: "Huyu hajakua."

Nikamwonyesha paani.

Ndiye aliyekuwa mwanafunzi wangu wa kwanza, akafa anajua kuandika jina lake. Basi uliyoyaona kwenye mifupa, yaseme mbele ya walimu wako. Usingoje kukua.

Bibi yako, Somoe