Skrini Pana na Kasoro ya Upande wa Kushoto

Jumapili, alasiri, Chang'ombe. Mawingu yametanda tangu asubuhi lakini mvua yenyewe haina habari. Feni inazunguka, umeme upo, na mimi siko vibaya wala siko vizuri. Nipo tu.

Niliahidi hapa kwamba nikishaizoea skrini mpya nitaandika tathmini ya kweli, si kama zile za watu waliopewa kitu bure. Wachache mnaosoma ukurasa huu mmeshaanza kuulizia. Basi tathmini ndiyo hii, ingawa iliniponyoka katikati ikageuka kitu kingine. Nitaiandika hivyo hivyo ilivyokwenda.

Kwa asiyenifahamu, kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Ninafanyia nyumbani kwa baba, sebuleni, juu ya iliyokuwa meza ya chakula. Tunaishi watatu: baba, mimi, na binti yangu Nasra wa darasa la tatu. Kwa miaka yote nilikuwa nikihariri kwenye kompyuta ya mapajani, na harusi ya Kiswahili haitoshi humo. Bibi harusi akiingia ukumbini, anaingia na ukoo mzima. Nilikuwa nikivuta picha kulia, nikivuta kushoto, hadi macho yanatoa machozi.

Kwa hiyo nilinunua skrini pana Kariakoo. Ndefu kwa ubavu, imepinda kidogo kama inataka kukukumbatia. Muuzaji akanipa nafasi ya kuirudisha nisiporidhika, na nafasi hiyo inakwisha kesho. Jirani alipoiona ikiingia mlangoni aliuliza kama inaonyesha mpira. Nilipomwambia ni ya kazi, alinitazama kwa huruma.

Mazuri yake kwanza. Harusi nzima naiona kwa mkupuo mmoja, kuanzia wageni wanapoingia mpaka watu wanapogombea sahani. Maandishi ni makubwa bila kuvimba. Rangi ni za kweli. Dhahabu ni dhahabu, haigeuki manjano ya embe.

Mabaya yake: dirisha likiwa wazi unaona uso wako kuliko kazi yako. Ukiangalia filamu za kawaida inaacha weusi huku na huku. Shingo inachoka. Na meza ya chakula tumeipoteza moja kwa moja, tunakula mkekani. Nasra anasema ni bora hivyo.

Halafu kulikuwa na baya moja jingine nililoliandika kwenye rasimu kwa herufi kubwa: PEMBENI HAFIFU, HASA KUSHOTO.

Hilo lilitoka kwa baba.

Baba alifanya kazi kiwanda cha nguo hapa hapa Chang'ombe mpaka akastaafu. Alikuwa mkaguzi. Khanga zilikuwa zikipita mbele yake juu ya meza yenye taa, na yeye kazi yake ilikuwa kuona uzi uliokatika na rangi iliyoruka. Nyumbani pia alikuwa hivyo. Vifungo vya sare yangu vikipishana tundu moja, aliona nikiwa bado uani. Nimekua nikiamini kwamba kitu ambacho baba hakukiona hakipo.

Kwa hiyo skrini ilipokuja nilimwita aikague. Nikaweka picha ya ukoo, ile ya harusi ya binamu yangu mwaka jana, nikaitandaza mwanzo hadi mwisho. Baba akavuta kiti, akakaa mbele yake kama bosi.

"Picha nzuri," akasema. "Lakini shangazi yako umemkata."

"Sijamkata, baba. Huyo hapo mwisho, kushoto."

Akageuza shingo. "Ahaa. Basi huku pembeni mashini yako haina nguvu, mama. Mwambie aliyekuuzia."

Mimi nilikuwa ninamwona shangazi vizuri kabisa, na kilemba chake cha zambarau. Lakini nikajiambia labda macho yangu yamechoka kwa kazi, labda yameshazoea ubovu. Kati ya macho yangu na ya baba, nilichagua ya baba. Nikampigia muuzaji na kumlalamikia kweli kweli, nikatumia hata neno "utapeli".

Muuzaji alikuja Jumanne mchana mwenyewe, kijana mpole, ana haraka. Baba alikuwa amekaa barazani. Yule kijana akapanda ngazi za pembeni, kushoto kwa baba, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo mzee."

Baba hakuitika.

Akarudia. Baba anaangalia barabarani tu, mtulivu. Mpaka kijana alipopita mbele yake ndipo baba akashtuka, "Ah! Marahaba, marahaba mwanangu, karibu." Mimi niliona aibu. Nilidhani amekasirika kwa sababu ya pembe zilizo hafifu.

Ndani, kijana akajaza skrini rangi nyeupe tupu, kisha nyekundu, kisha buluu. Akapitisha uso karibu na kioo toka ncha hadi ncha.

"Dada, mbona huku kushoto kuko safi tu? Wewe mwenyewe unaona nini?"

Nikaangalia. Kulikuwa safi. "Mzee ndiye aliyesema," nikajibu, na nikageuka kuangalia barazani, alikokaa baba.

Kijana alipoondoka nilibaki nimeshika kitambaa cha kufutia kioo, sifuti chochote. Nilikuwa nikifikiria shikamoo. Si ya yule kijana peke yake. Mtaani wameanza kusema mzee wetu siku hizi ana maringo, watoto wanamwamkia hawaitikii. Mama mmoja aliniambia usoni kabisa, kwa utani ambao haukuwa utani: "Baba yako anatuona sie takataka." Mimi nikamtetea kwamba ni uzee, kichwa kina mambo mengi.

Halafu nikafikiria gari. Baba ana kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, alikinunua kwa kiinua mgongo na hukibebea makochi ya mafundi wa Keko. Kioo cha pembeni cha kushoto kilivunjika, akasema ni bodaboda. Kikafungwa kipya, nacho kikavunjika, bodaboda tena. Ubavu wa kushoto una mikwaruzo ya rangi ya geti letu. Geti letu halijawahi kuendesha bodaboda.

Na kila asubuhi ndani ya kirikuu hiyo, kiti cha kushoto, anakaa Nasra na begi lake la shule.

Niliogopa. Naandika hivyo kwa sababu siku zote najisifu kwamba mimi si mtu wa kuogopa.

Baba alipoingia kunywa chai nilimwambia nataka anisaidie kujaribu skrini tena. Nikaweka weupe mtupu, na katikati nukta moja nyekundu. Nikamwambia atazame nukta tu, asihame, nami nitaleta mshale wa kompyuta kutoka kushoto. Akiuona aseme.

Nikauanzisha ukingoni.

"Bado," akasema.

Nikausogeza polepole. Ulikuwa mshale mkubwa, mweusi, nimeukuza makusudi.

"Bado."

Ukapita pale alipokuwa shangazi. Ukawapita wajomba, ukampita na binamu yangu mwenyewe, bibi harusi. Kama ingekuwa ile picha, ungekuwa umeshamfikia bwana harusi. Baba ametuliza macho kwenye nukta, mtiifu kama yuko kazini.

"Leta basi, mama, chai inapoa."

"Nauleta, baba."

"Sasa!" akasema. Mshale ulikuwa karibu kugusa nukta.

Tukafanya kulia. Kulia kulikuwa na nafuu, lakini si sana.

Akacheka. "Hii mashini mbovu. Irudishe." Kisha akaniangalia, na nadhani uso wangu haukunisaidia, maana aliacha kucheka. Alimaliza chai akaenda kulala kidogo, jambo ambalo huwa halifanyi.

Alhamisi tulikwenda kliniki ya macho. Kuna chombo kama bakuli, unaweka kidevu, unatazama katikati na kubonyeza kitufe kila unapoona mwanga pembeni. Baba akamwambia daktari, "Hii hata binti yangu anayo, ila yake kubwa zaidi." Daktari, dada mdogo kuliko mimi, alicheka. Alipotoka na majibu hakucheka tena. Presha ya macho, akasema. Haiumi, haina kelele, inakula kutoka pembeni kuja katikati, na mtu anazoea bila kujua kwamba anazoea. Kilichopotea hakirudi. Kuna dawa ya matone, kila siku, maisha yote, ya kulinda kilichobaki.

"Na gari mzee, uache."

"Nimekuelewa, daktari," akasema baba. Ninaijua sauti ile. Ndiyo anayotumia kukubali mambo ambayo hatayafanya.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nikichemsha maziwa niliposikia injini. Nilitoka nikiwa na mwiko mkononi. Baba yuko kwenye usukani, Nasra ameshakaa, begi mapajani. Nikasimama mbele ya kirikuu.

"Baba, zima gari."

"Mama, mtoto anachelewa."

"Zima, baba."

Akatoa kichwa dirishani. Hakuwa na hasira, alikuwa ananibembeleza kama mimi ndiye mgonjwa. "Mbona unahangaika hivyo? Njia hii mie naijua hata nikifumba macho."

"Ndiyo ninachoogopa, baba."

Nilikuwa sijapanga kusema hivyo. Lilitoka, likasimama pale kati yetu na haikuwezekana kulirudisha. Katika maisha yangu sijawahi kumwambia baba hapana. Huwa nasema "sawa" halafu nafanya nionavyo, na yeye anajua, na tunaishi. Safari hii ilibidi niseme na nisimame pale pale na mwiko wangu.

Akazima. Nasra akauliza, "Kwani babu kafanya nini?" Nikampeleka kwa bajaji, na maziwa nikakuta yamemwagika jiko zima.

Tangu hapo baba hakuzungumza nami zaidi ya salamu. Ufunguo wa kirikuu ulikuwa mfukoni mwake, niliusikia ukilia akitembea. Mimi nikahariri harusi ya watu. Bwana harusi alikuwa akilia kwa furaha na mimi nilikuwa nikipunguza mwanga usoni mwake.

Usiku wa kuamkia leo nililala vibaya nikijiuliza nitafanya nini Jumatatu asubuhi. Kumnyang'anya baba yako ufunguo mfukoni hakuna mtu anayekufundisha. Kumwacha mwanangu akae kile kiti, haiwezekani. Ndilo swali peke yake lililokuwapo nyumba hii, na wote watatu tulikuwa tukila juu yake mkekani.

Leo baada ya chakula baba alikuja mwenyewe, akavuta kiti mbele ya skrini.

"Niwekee ile nukta."

Nikaiweka. Nikauleta mshale kutoka kushoto. Haujafika popote akasema kwa nguvu, "Sasa!"

Nilikuwa siutazami mshale, nilikuwa namtazama yeye. Macho yake yalikuwa yameruka kushoto kuuwahi, na yakarudi kwenye nukta haraka, kama mtoto anayechungulia daftari la mwenzake.

Ningeweza kunyamaza. Nilitamani kunyamaza.

"Baba, umegeuza macho."

Feni ikazunguka. Nje mtu alikuwa akipiga msumari.

"Nimegeuza," akasema.

Akaniomba nirudishe ile picha ya ukoo. Nikamrudishia. Safari hii hakukaa kama bosi. Alianza kushoto kabisa, kwa shangazi, akaigeuza shingo polepole hadi kulia, mtu mmoja baada ya mwingine, akiwataja kwa majina kwa sauti ndogo. Alipofika mwisho akasema, "Wote wapo." Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Nasikia mtaani wapo wanaosema nina maringo. Ni wengi?"

"Kidogo, baba."

"Wananiamkia siwaitikii."

"Ndiyo."

Hilo lilimuuma kuliko gari, nililiona. Alijifuta uso kwa kiganja, akaingiza mkono mfukoni, akauweka ufunguo chini ya skrini, penye mguu wake, akausukuma mpaka ukagonga chuma.

"Basi kesho shule tutakwenda kwa miguu, wote. Si mbali. Wewe ukae kushoto kwangu, mama. Uniambie nani ananiamkia."

Nikasema sawa. Safari hii nilikuwa na maana ya sawa.

Sasa amelala, matone tayari, moja lilimponyoka likampita shavuni na nikashindwa kujua kama ni dawa. Ufunguo bado upo hapa mbele yangu wakati naandika. Kirikuu tutaitafutia dereva.

Tathmini yangu basi. Skrini siirudishi. Mng'ao wa dirishani ni wa kweli, shingo kuchoka ni kweli, meza ya chakula haitarudi. Ule mstari wa herufi kubwa nimeufuta, na muuzaji nimemtumia ujumbe wa kumwomba radhi. Pembeni ni safi. Kushoto ni safi kabisa.

Nasra ameshapanga sare yake kitini. Mimi nimetoa viatu vya kutembelea. Kesho ninakaa kushoto.