Cheti Kilichoshushwa Ukutani

Mabatini, Mwanza
2 Juni 2021

Dada Kokuberwa,

Shikamoo. Huku wazima, na mimi nazidi kupendeza, uliza yeyote hapa Mabatini.

Ulisema Uingereza imejitoa kwenye Umoja wa Ulaya, kwa hiyo pasi ya Kireno ya shemeji haitoshi tena kukuweka huko, mpaka uonyeshe cheti halisi cha ndoa kabla mwezi huu haujaisha. Kaka Kamugisha na digrii yake alikwenda kukitafuta parokiani. Mimi wa darasa la saba nilijua kiko sebuleni. Mama alikigundisha kwenye fremu chini ya picha ya harusi, ili wageni wakione.

Mama akagoma. "Projest, ukikitoa watasema dada yako ameachika."

"Nisipokitoa, Mama, atarudishwa bila mume. Hapo watasema nini?"

Akashusha fremu mwenyewe. Nikakibandua kwa mvuke wa birika, haikufutika hata herufi moja. Fundi gani mwingine Mwanza angeweza?

Nimekituma leo. Mama ameuliza kama sasa hawatakufukuza. Nimemjibu hawawezi, kwa sauti nzito, kama niliyesomea sheria. Amelala kwa jibu hilo, dada. Usiniaibishe.

Mdogo wako mwenye akili kuwazidi wote,
Projest