Ubeti wa Pili

Mjukuu wangu Naserian,

Bibi yako anakusalimu, na mimi pia, ingawa magoti yamenichosha. Kaka yako amepata kazi ya kuosha magari ya watalii Karatu. Ya ukame nayaacha, nimechoka kuyasema.

Umeniuliza uwaambie nini watu wa chuo unachoomba nafasi kuhusu nyimbo unazotunga, maana ukiziandika unaziona za kitoto.

Nilipokuwa kijana niliomba kazi kwenye kambi ya watalii. Msimamizi akaniuliza najua nini zaidi ya kuchunga. Nikasema huwa nawaimbia ng'ombe. Akasema, "Haya, imba." Nikaimba mbele ya meza yake, mikono sijui niiweke wapi. Akanishukuru, akamwita mwingine.

Nikarudi nyumbani Olbalbal kwa miguu. Jioni ng'ombe walikuwa wametawanyika mbali, nikauimba wimbo uleule. Mtamba wetu mwekundu akainua kichwa, akaanza kuja, na wenzake wakamfuata. Ndipo nikaona kwamba yule bwana nilimpa wimbo, nikamnyima habari za mtamba anayeuitikia.

Mdogo wako Lemayan bado anataka ule wimbo wako wa mvua ndipo alale. Bibi yako anajitahidi kuuimba, naye anamwambia, "Bibi, siyo hivyo." Waandikie hao wa chuo habari za huyu mtoto.

Ukimaliza, tuandikie na sisi ubeti wa pili. Tumeusahau, na sisi wazee tunahitaji kulala.

Babu yako