Upanga mu salongo

Bunia, siku ya posho, Jumamosi, mwezi ya tatu 1978

Uongo yangu mwenyewe njo imenifunga. Ule upanga mufundi wa Djugu alinifulia na chuma ya resori ya kamio, makali mbili, sawa ya waaskari ya mu Biblia, nilimwambia muke yangu ni kupekupe ya kukata majani ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mutaa.

Leo asubui akaniwekea ku mukono. "Baba Mapasa, kamata kupekupe yako. Watu wote ya kartie, mutaa muzima, wameshaenda ku salongo."

Nikaenda nayo. Shefu wa kartie akaiangalia sana.

"Citoyen, unakuya kukata majani ao kuyafanyia vita?"

Watu walicheka mpaka wakaacha majembe. Wamama wa soko wakapita wananipigia saluti. Lakini majani ilikatika muzuri, kusema kweli.

Kurudi nyumba nikaona afazali nitubu. Nikamwambia: "Mama Mapasa, nilikudanganya. Ile ni upanga, naipenda tu."

"Najua. Na zile mbili ulificha mu plafond, chini ya mabati, ni za salongo pia?"

Niliogopa atatupa zote mu muto Shari. Lakini toba ya nusu si toba. "Si mbili, Mama. Niliweka tatu."

"Ya tatu njo ninapasuliaka kuni tangu Noeli."

Mimi sikupandaka kule tena kuziangalia, sababu niliogopa anione. Nikaenda ku jiko, nikapiga magoti, nikapapasa makali ya ule upanga wa kuni. Haijavunjika hata kidogo.

Nilikuwa pale chini, mu toba, na roho inajivuna. Sasa hiyo nayo nitatubu kwa nani?